Mimba Tuliyoachiwa Saluni

Mimi si mtu wa kushangaa haraka. Nililelewa na nyanya aliyekuwa akitwambia tufunge mdomo nzi wasiingie, na nilipokuja Nairobi kutafuta kazi nilikuja nikiwa nimeufunga vizuri. Lakini kuna jambo niliona miaka ya tisini, ndani ya saluni ya mabati pale Kawangware 56, ambalo nikilisimulia mpaka leo nywele zinanisimama, na kazi yangu ilikuwa kuzilaza za wengine.

Tulikuwa wasusi wawili. Kichwa kimoja cha rasta kilikula siku nzima, kwa hivyo tulikigawana. Mwenzangu alishika upande wa kulia, mimi wa kushoto, na jioni mikono yetu ikakutana utosini. Alikuwa mtu wa Magharibi kama mimi, mwembamba, mwenye sauti ya chini iliyokulazimisha uache umbea wako ili umsikie. Na kwa kuwa siku za kusuka ni ndefu na benchi ya kungojea ni ngumu, alianzisha mchezo.

Aliwaza ploti ya kupanga kama hizi zetu, yenye vyumba vilivyobanana, choo kimoja na mfereji unaotoa maji ukipenda. Kila mteja alipewa chumba na mtu wa kuwa. "Wewe ndiye mwenye ploti," alimwambia muuza mitumba mmoja ambaye maisha yake yote alikuwa akiwakwepa wenye ploti. Yule mama alinyoosha shingo nikiwa bado nimemshika nywele, akaanza kuidai kodi benchi nzima. Alidai kwa ukatili wa ajabu. Mwalimu wa nasari aliyekuwa akingoja zamu aliomba apewe mpaka mwisho wa mwezi, akanyimwa, nusura alie kweli.

Sheria ilikuwa moja tu. Ungesema unachotaka na kutenda unachotaka, mradi ubaki kuwa mtu wako. Lakini kile kitakachokupata kilitoka kwa mwenzangu peke yake. "Maneno ni yako," alikuwa akisema, "bahati iko kwangu." Huwezi kujipa kazi, huwezi kujipa mume, huwezi kujiponya. Ungojee usikie.

Wanawake walikuja kufumuliwa nywele ambazo hata hazijachakaa. Wengine hawakuja kusukwa, walikuja kukaa. Jirani yetu alikuwa muuza misumari na rangi, na kati yake na sisi palikuwa na bati moja tu. Kila Jumamosi tulimsikia akizima redio yake. Mkubwa wetu, mwenye saluni, mama mnene wa kwaya aliyekaa mlangoni akipokea pesa, ndiye peke yake aliyekataa chumba. "Mimi sina wakati ya kucheza kalongolongo na watu wazima," alisema. Lakini hakuufunga mchezo, maana benchi ilikuwa imejaa.

Mteja niliyempenda kuliko wote alikuwa fundi wa kushona sare za shule kule Kabiro. Alikuwa ameolewa miaka mingi na nyumbani kwake hakukuwa na mtoto. Watu wa mumewe walikuwa wameanza kutaja mke wa pili, na si kwa kunong'ona. Mwenyewe aliongea kidogo. Kwenye mchezo alikuwa na chumba cha mwisho, kile kilicho karibu na choo, na alikuwa hasemi sana huko pia.

Jumamosi moja mambo yalikuwa yamepoa, na nadhani mwenzangu alitaka tu kuyachangamsha. Akasema, "Mama wa chumba cha mwisho, leo asubuhi umetapika."

Benchi ililipuka. Muuza omena, ambaye kwenye mchezo alikuwa mkunga, alisimama akapiga kigelegele. Ila mimi nilikuwa upande wa kushoto wa yule fundi, na chini ya kitambaa tulichomfunika niliuona mkono wake ukisogea polepole ukalala juu ya tumbo.

Tangu siku hiyo alikuwa akija na mimba yake. Alikaa akiegemea nyuma kama wanavyokaa wenye mimba. Aliomba tusimvute sana. Muuza mitumba, pamoja na ukatili wake wote, alimsamehe kodi. Na mimba ikakua, ikakua, ikapitiliza. Miezi ilikuja ikaenda, na kila tukikaribia siku yenyewe mwenzangu aliigeuza hadithi kona nyingine, mara kuna mwizi, mara askari wamemkamata mwenye ploti. "Kwani huyu mama amebeba ndovu?" benchi ikauliza. Mwenzangu akacheka, na Jumatatu iliyofuata hakuja kazini.

"Ameenda Kibera," mkubwa alisema. "Kuna saluni huko Makina. Amebeba chanuo lake na mshumaa wake wa kuchoma ncha za rasta. Sijamfukuza mimi, msiniangalie hivyo."

Mimi nilidhani watu watasikitika kidogo kisha wazoee. Wateja huhama, wasusi huhama, Nairobi ni ya kuhama. Kumbe sikujua kitu.

Jumamosi muuza mitumba alifika akapata habari mlangoni, akatupa mzigo wake chini. "Ameniacha seli!" alipiga kelele. "Niko ndani! Sasa nitatoka lini, na kodi inachukuliwa na nani?" Alimlaumu mkubwa kwamba ndiye aliyembana msichana wa watu, akaapa hatakanyaga pale tena, kisha akakaa pale pale hadi jioni. Mwalimu wa nasari alikunja midomo akasema yeye hakushangaa, maana mambo yalianza kuharibika tangu ile harusi ya chumba cha tatu. "Zamani ilikuwa hadithi ya maana," alisema. Hiyo zamani yake ilikuwa ya mwaka uliopita. Manamba wa matatu pale stage, ambao hata hawakuwahi kukaa kwa benchi yetu, walinisimamisha njiani. "Niaje msupa, ni ukweli msusi wenu ameishia? Na ule mathe, alizaa?"

Wakaniambia niendelee mimi. Nilijaribu. Nilisema asubuhi ikafika, askari akafungua seli, na kabla sijameza mate muuza mitumba akanikata: "Askari hawezi ongea hivyo. Wee suka tu." Mwalimu naye akajaribu, na kufikia adhuhuri ploti nzima ilikuwa inapiga mswaki na kukata kucha. Jirani akawasha redio.

Hapo ndipo yule fundi alipoingia. Hakuwa amesikia. Alikaa kwenye kiti, akaweka mkono wake mahali pake, akangoja. Mkubwa alipomwambia, alitutazama mmoja mmoja.

"Na mimi?" alisema. "Nani atanizalisha?"

Alisimama akafunga kitambaa kichwani, akatoka.

Jumamosi mbili hakuonekana. Muuza omena, aliyekuwa akiishi ploti moja naye kule Kabiro, alitwambia amelala tu. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa na vitambaa vya sare vilikuwa vimerundikwa juu ya cherehani. Mumewe alikuwa akimuuliza ni nini, naye atamwambia nini? Kwamba mimba aliyopewa na msusi imekwama? Niliogopa. Kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba lile tumbo halikuwa mchezo kwake, na kwamba asipozaa ataoza nalo.

Nikaomba ruhusa, nikaenda Kibera.

Nilimkuta mwenzangu ndani ya kibanda karibu na soko la mitumba, anasuka matuta, redio inaimba, mdomo wake umefungwa. Alinionyesha kigoda. Nilingoja mpaka mteja wake akaondoka.

"Dada, hapa huwapi watu vyumba?" niliuliza.

"Hapa nasuka tu."

"Umetuacha vibaya."

Alipangusa chanuo kwa nguo yake. "Wewe ulikuwa kushoto. Uliuona mkono wake?"

"Niliuona."

"Basi unajua. Mimi nilimpa mimba ya mdomo, yeye akaibeba kweli. Akizaa, atarudi kwake na nini? Na nikisema mtoto amekufa, si nitakuwa nimemuua huyo mama? Kila Jumamosi nilikuwa naamka nasema leo ni leo. Nikifika hapo, ulimi ulikuwa unakataa."

"Sasa amelala. Hata hashoni."

Watu walipita nje na mizigo yao ya nguo kichwani. Kisha akasema, "Mwambie bahati yake nimemrudishia. Achague mwenyewe."

"Na wengine?"

"Huyo wa seli mtoeni. Hata sikumbuki alifungwa kwa nini."

Niliupeleka ujumbe Kabiro jioni hiyo, muuza omena akiwa pamoja nami. Fundi aliketi kitandani. "Alisema hivyo? Mimi mwenyewe?" Nikasema ndivyo.

Jumamosi alikuja amevaa dera pana. Habari ilikuwa imefika kabla yake. Benchi ilijaa, sakafu ikajaa, na wengine nilikuwa nimewasuka jana yake. Muuza mitumba tulikuwa tumemtoa seli asubuhi kwa kura ya wote. Nilianza upande wangu wa kushoto, kwa mazoea, na upande wa kulia ukabaki hivyo hivyo bila mtu.

"Uchungu umeanza alfajiri," fundi alisema. "Mvua imenyesha, njia ni matope, hakuna gari litaingia."

"Chukueni mkokoteni wangu!" mwenye ploti akapiga kelele.

"Hakuna kwenda popote," mkunga akasema, akakunja mikono ya blauzi. "Huyu anazalia hapa."

Sijawahi kuona kitu kama hicho. Mwanamke yule ambaye alikuwa hasemi, alisema. Hakuharakisha. Uchungu ulikuja ukaenda, naye akatueleza kila mmoja ulipopita mwilini mwake. Mwalimu aliambiwa alete maji, akasimama kweli akaja na beseni la kuoshea nywele. Saa ya chakula ikapita bila mtu kutaja chakula. Nilikuwa bado nasuka mpaka fundi alipokishika kifundo cha mkono wangu, akakiminya nikaachilia nywele.

"Ametoka," alisema. "Ni msichana."

Tukavuta pumzi sote, vigelegele vikiwa vimefika kooni.

"Halii."

Aliitazama mikono ya muuza omena, iliyokuwa imenyooshwa mbele yake mitupu. "Nyumbani nilizaa mmoja," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "kabla nije Nairobi. Alitoka hivi hivi. Hakulia. Huyu pia halii."

Hakuna kati yetu aliyekuwa amejua. Nilitaka kumwambia, mama, bahati iko kwako, sema tu analia! Lakini niliuona uso wake, nikaelewa kwamba hawezi. Alikuwa amepewa ruhusa ya kuchagua lolote duniani, na hapo mahali pamoja ulimi wake ukafika ukakwama, kama wa mwenzangu. Muuza omena alimgeuza mtoto asiyekuwepo, akampiga mgongoni, akampiga tena. Upande wa pili wa bati hakuna kilichosikika. Muuza mitumba alikuwa ameuma khanga yake. Nilikuwa nikimwomba Mungu kwa ajili ya mtoto wa maneno matupu, na sikuona haya.

"Ng'aaa!"

Tuligeuka. Ni mkubwa. Alikuwa amesimama pale mlangoni, macho ameyafumba, noti za watu mkononi. "Ng'aaa! Ng'aaa!" alilia, kwa ile sauti ya kwaya, na machozi ya kweli yakamtiririka.

Fundi alimwangalia kama mtu anayeamshwa. "Analia?"

"Si unasikia!" jirani akanguruma kutoka nyuma ya bati.

Ndipo vigelegele vikatoka. Vilitoka mpaka manamba wakaja mbio kuuliza kuna nini, na walipoambiwa mtoto ni msichana wakapiga honi stage nzima. Muuza omena alimweka mtoto kifuani mwa mama yake. Fundi alimfunika kwa kile kitambaa cha saluni na akalia, na mimi niliyezoea kuwacheka wanaolia nilikaa sakafuni nikaegemea mguu wa kiti. Kilichonishika kilikuwa hofu iliyochanganyika na heshima, kama ile ya kuingia kanisani ukiwa umechelewa, ukute watu wote wamepiga magoti.

Siku hiyo hatukumaliza kumsuka. Alienda nyumbani nusu kichwa, na wiki hiyo nikasikia kwa muuza omena kwamba cherehani yake inalia hadi jioni.

Jumamosi iliyofuata alirudi nimalizie upande wa kulia. Nilikuwa nimeshika chanuo muuza omena alipoingia na chupa ya chai chini ya kwapa. Alimimina kwenye kifuniko, na mvuke wa uji wa wimbi ukajaa saluni, ule mzito wanaopikiwa waliojifungua huko kwetu. Akamnyooshea fundi.

Nilifikiri, sasa ndiyo aibu, sasa ndipo huyu mama atakumbuka kwamba mikono yake iko mitupu.

Alikipokea. Aliunywa wote, akafuta midomo, akarudisha kifuniko.

"Kesho uniletee tena," alisema. "Bado nanyonyesha."