Shungi Jeupe la Dada

Katika ukoo wa mama yangu, kijijini Msanzi, baadhi yetu huzaliwa na shungi la nywele nyeupe juu ya paji la uso. Mimi ninalo, na dada yangu mkubwa analo. Shuleni waliniita Ng'ombe wa Baka. Tangu darasa la tatu sikutoka nje bila kitambaa kichwani.

Dada, anayefanya kazi Sumbawanga mjini, ndiye aliyewaita watafiti kwa simu. Daktari wao alitueleza taratibu: mwilini kuna jeni ambayo kazi yake ni kuwasha na kuzima jeni nyingine, na kwetu huenda ina hitilafu. Walitaka kujua imekaa kwenye kromosomu ipi, sehemu gani. Wangelinganisha damu ya wenye shungi na ya wasio nalo. Kipande ambacho wenye shungi wote wanacho na wengine hawana, hapo ndipo mahali penyewe.

"Tukimweka mtu mmoja upande usio wake," alisema, "tutatafuta mahali ambapo haipo."

Nilikataa. Sikutaka kuvua kitambaa mbele ya watu. Dada akanipigia simu.

"Mdogo wangu, tutakaa pamoja mimi na wewe. Anayecheka anicheke mimi kwanza."

Basi siku ya kutolewa damu nikavua. Nikakaa na mjomba kwenye mkeka wa kushoto, wa wenye shungi, watoto wa jirani wakichungulia. Gari likafika. Dada akashuka na shangazi wawili wa mchumba wake, watu wa Mbeya. Nywele zake zilikuwa nyeusi tupu. Akawaamkia wakubwa, akanipita, akaketi mkeka wa kulia, wa wasio na shungi.

"Dada," nikaita.

Hakugeuka.

Daktari alikuwa akichora ukoo wetu kwenye karatasi kubwa. Mwanamke alikuwa duara, mwanamume mraba, na mwenye shungi alijazwa wino. Duara la dada akaliacha tupu.

Nikamfuata mama jikoni nimnong'oneze. Alikuwa akisonga ugali, na kucha zake zilikuwa nyeusi kwa piko, rangi ya kupaka nywele. Jana yake alikuwa ametoka mjini kwa dada.

"Nyamaza," alisema. "Mwache mwenzio aolewe. Wewe nani anakuja kukuposa?"

Sikuwa nimewahi kusema neno mbele ya wageni. Nilirudi, nikasimama karibu na ile karatasi.

"Daktari, duara lile si tupu. Amepaka piko."

"Heh! Bibi harusi!" shangazi mmoja akacheka.

"Muongo huyu! Ana wivu tu," dada akasema.

Daktari hakumbishia mtu. Alimtazama dada, kalamu mkononi, akangoja. Mwishowe dada akainamisha kichwa.

"Jaza," alisema.

Ndoa haikuvunjika. Wale shangazi walisema nywele haziolewi. Harusi ilifungwa Sumbawanga mwezi uliofuata, na mjomba alialikwa pamoja na shungi lake. Mimi sikualikwa. Asubuhi ya safari mama alivaa kitenge kipya, akaniambia nisisahau kuwafungia kuku.