Maneno ya Mama Aliyoyakata Damiani

Nakumbuka siku moja ya masika, katikati ya miaka ya hamsini, mama alimfunga mdogo wangu Yosefu mgongoni tukatoka Kakese kwa miguu kwenda Mpanda mjini. Naikumbuka vizuri kwa sababu hasira yake bado ninayo. Watu huniambia, bibi, samehe, hayo ni ya zamani. Nimesamehe mengi, mwanangu, na hili nimelijaribu. Halitoki.

Yosefu alikuwa bado mdogo, ana homa kali. Katekista wetu, ambaye ndiye aliyekuwa akigawa dawa kijijini, alishampa kwinini jana yake, na alfajiri ile akampa tena. Akamwambia mama: ukifika kwa daktari, jambo la kwanza mwambie mtoto ameshakunywa kwinini, wasimzidishie, itamharibu masikio. Mama alilirudia jambo hilo njia nzima ili lisimtoke.

Daktari alikuwa Mzungu, mgeni, hajui hata kusalimu. Mkalimani wake alikuwa Damiani, kijana wa kwetu kabisa, Mkonongo kama sisi, kaptula imenyooshwa kwa pasi. Kiswahili cha mama kilikuwa kidogo, kwa hiyo alisema kwa Kikonongo. Na wewe unajua, kwetu habari ya mgonjwa haikatwi. Unaanzia homa ilipoingia, nani alimshika mtoto, alikula nini, nani alimpa dawa, na anayesikiliza anaitikia mpaka mwisho. Mama akasimulia hivyo hivyo. Habari ya kwinini akaitaja, akairudia. Damiani alikuwa anaangalia kucha zake.

Mama alipomaliza, Damiani akamgeukia daktari akasema, "Boy get fever." Mtoto ana homa, basi, hayo tu.

Mimi nilikuwa nasoma shule ya bweni ya masista, nimerudi likizo, na hiyo get ndiyo tuliyokuwa tunakaririshwa muhula ule. Sista aliijaza ubao mzima. Ukipata kitu, get. Ukifika mahali, get. Ukiamka, ukipanda gari, ukielewa, ukiolewa, ukizeeka, ukiugua, zote ni get, unaipachika tu vineno vingine nyuma yake. Sisi hapo kila jambo lina neno lake. Sista mwenyewe alituonya kwamba mtu mvivu anaweza kuishi kwa get maisha yake yote, na Damiani ndivyo alivyokuwa anaishi. Kwa hiyo nilimwelewa vizuri sana, na nilijua kwinini haimo.

"Mama," nikasema, "hajataja kwinini."

Mama akamwambia Damiani. Damiani akajibu, "Mama, daktari ameshaelewa. Watu ni wengi nje." Mama akarudia. Akafokewa anyamaze, anamchosha mkubwa. Nilipofungua mdomo niseme mwenyewe, Damiani alinishika mkono akanitoa nje. Nilikuwa bado mlangoni nilipomsikia Yosefu analia, wanamchoma sindano ya kwinini.

Homa iliondoka. Wiki ile ile mama alikuwa anamwita Yosefu aje kula, na Yosefu yuko pale pale, ametupa mgongo, anachezea majivu, hageuki. Mama akamwita kwa nguvu. Akagonga sufuria kwa mwiko. Mtoto akaendelea na majivu yake.

Mama alirudi mjini, mimi nyuma yake. Hakupiga kelele. Alimwambia Damiani, "Nilikupa maneno mengi umfikishie yule mtu. Ukafikisha moja. Mengine uliyapeleka wapi?"

Unajua alijibu nini? "Mama, sikuona kama yana maana."

Mpaka leo nikiwa nachambua mchele peke yangu namjibu Damiani kwa sauti. Yosefu alikua, akalima, akaoa, akafa mzee, na hakuwahi kumsikia mtoto wake hata mmoja akilia.

Sasa nikwambie kwa nini nimekuita. Leo mchana nilikuwa kwenye benchi pale kwa madaktari wageni wa macho, na wewe kitambulisho shingoni, unatafsiri. Yule bibi wa Kasansa alikueleza kwa Kiswahili chake cha kuungaunga kwamba alipong'olewa jino walimchoma ganzi, ulimi ukavimba, pumzi ikakata, wakamzindua kwa shida. Alikueleza kwa kirefu, na mimi nilisikia yote. Wewe ukamwambia daktari, "She gets dizzy," eti husikia kizunguzungu, ukamwita anayefuata. Damiani hata ile s hakujua kuiweka. Wewe umeiweka, na tofauti yenu imeishia hapo. Kesho wanampasua jicho kwa ganzi.

Usinijibu. Nyie mliosoma mnadhani Kiingereza kikishakaa mdomoni kazi imekwisha. Mtu akikupa maneno yake, hata yakuchoshe, hata aanzie kwa babu yake, yafikishe yote, maana hujui ni lipi limebeba uhai wake. Usilolielewa, muulize. Neno moja la Kiingereza lisipotosha, tumia kumi, na daktari atasubiri, ndiyo kazi iliyomleta. Na usimharakishe mama wa mtu kana kwamba anakuomba chumvi.

Jua bado lipo. Nenda sasa hivi kwa yule bibi, mwombe radhi, muulize upya, umwitikie mpaka amalize. Kisha mtafute daktari popote alipofikia, umwambie kila kitu. Mungu akupe miguu myepesi na ulimi usiobagua, na siku utakayolala mgonjwa katika nchi usiyoijua lugha yake, akuletee mtu atakayesema yako yote. Chakula chako nitakifunika.