Hii Walala Nayo

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu hakunipa spana. Alinionyesha jenereta iliyoandikwa kuwa ni ya kubebeka, akaniambia niibebe nizunguke nayo uani. Niliporudi nikihema, akaniuliza, "Yabebeka?" Nikasema haibebeki. "Basi usimwambie mteja yabebeka. Ushaanza kazi."

Ndivyo tulivyofundishwa kuuza jenereta katika duka letu, si mbali na mtaa wa Kibokoni. Mteja tulimuuliza kwanza atawasha nini, kisha vipi kati ya hivyo vitawaka pamoja. Friji na kiyoyozi hudai umeme mwingi wakati wa kuanza, halafu hutulia. Jenereta isiyohimili mwanzo huo huzimika. La mwisho lilikuwa moshi. Ndani ya moshi wa jenereta mna hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, nayo humuua mtu usingizini. Kwa hivyo mashine hukaa nje, mbali na mlango na madirisha, bomba la moshi likielekea unakokwenda upepo. Katika hilo Fundi Mkuu hakuwa na mzaha.

Baadaye nilipelekwa karakana yetu iliyoko Mbaraki, chini ya Msimamizi mpole asiyependa maneno, nikarudishwa dukani nikiwa na mvi. Hapo nikamkuta Meneja wa Mauzo, kijana mwenye neno lake. Akigusa jenereta yoyote isiyo na kelele, humwambia mteja, "Hii walala nayo." Watu hucheka, hununua. Mimi lilinikera, nikamwambia.

"Ami, hayo ni maneno ya biashara tu," akanijibu. "Nani asiyeelewa?"

Mwaka jana akaja Mwalimu Harithi. Alikuwa amenunua trela ya kupigia kambi, yenye vitanda ndani, awapeleke mkewe na binti zake wawili Tsavo likizoni. Nilikaa naye tukajumlisha friji, feni na kiyoyozi kidogo, tukachagua mashine ambayo yeye na mkewe wangeweza kuinyanyua. Adhana ya Ijumaa ilinikuta kabla sijafika kwenye habari ya moshi, nikamwomba anisubiri. Nilipotoka msikitini, Meneja alikuwa ameshamuuzia na kumuaga.

Kesho yake nikampelekea waya wa kuunganishia. Mwalimu alikuwa na furaha tele. Alinifungulia mlango wa trela nione kazi ya seremala wake: kabati safi chini ya kitanda cha wasichana, na jenereta imo ndani yake.

"Mwalimu, mbona umeitia humu?"

"Si Meneja wenu mwenyewe kanambia nalala nayo?"

"Na moshi je?"

"Tutafungua dirisha, Ami."

Nilipandwa na hasira, lakini haikuwa juu yake. Nilimweleza mpaka akaelewa, tukafungua boliti, tukaitoa. Alinuna kwa ajili ya kabati lake, lakini aliapa haitarudi ndani.

Nilirudi dukani nikamwambia Meneja mbele ya wateja kwamba neno lake litamlaza mtu asiamke. Alitabasamu. "Shusha pumzi, Ami."

Likizo ilipokwisha, Mwalimu alipita dukani na binti zake. Walilalamika juu ya mbu, wakamcheka baba yao kwa kukoroma. Machozi yalinilenga kwa kuwaona wazima.

Haikupita wiki, akaja mama mmoja na mtoto mgongoni, naye anataka jenereta ya trela. Nikamsikia Meneja akimwambia, "Hii walala nayo, mama. Muulize Mwalimu Harithi, wanawe wamelala nayo Tsavo likizo nzima."

Alipokwisha kununua, nilimfuata mama yule hadi barabarani nikamweleza habari ya moshi. Alirudi akadai arejeshewe pesa zake. Meneja akaniambia nimeshazeeka, nikapumzike.

Basi huku ndiko kustaafu kwangu. Umeme ukikatika, hupita mlango kwa mlango nikiuliza jenereta imewekwa wapi. Wengine hunikaribisha. Wengine huniambia kwa adabu kwamba yao imo ndani, haina kelele, kisha hufunga mlango na madirisha.