Kitaliano cha Bibi Pindo

Fundi cherehani waliyemwita Bibi Pindo, kwa kuwa hakuna pindo la suruali lililomshinda, alianza kujifunza Kitaliano siku mwanawe alipopiga simu kutoka Italia kusema kwamba anakuja na binti yake, mtoto asiyejua Kiswahili hata neno.

"Akikuogopa, mama, tutalala hotelini," alisema.

Kauli hiyo ilimkaa moyoni kama mwiba. Mwalimu hakuwa naye. Alikuwa na simu, na nyimbo za mapenzi za Kitaliano ambazo tafsiri yake ilipita chini ya picha. Alikanyaga cherehani huku akirudia: moyo, machozi, busu, rudi.

"Shemeji, umepata mchumba?" mpiga pasi wa chumba cha pili alimtania.

"Mchumba angekuwa nafuu."

"Haya, njaa waiitaje?"

Mguu ulisimama juu ya kanyagio. "Haijaimbwa."

"Basi mtoto atashiba machozi."

Tangu hapo usingizi ulimpaa. Alitafuta wimbo wenye mkate, wenye maji, wenye choo, hakuupata. Waimbaji wale walikufa kwa mapenzi tu, wala hawakuumwa tumbo.

Wageni walifika. Siku ya pili mwanawe alitoka kushughulikia pasipoti, mtoto akabaki kizingitini, macho langoni. Bibi alimpa ndizi, akaisukuma. Kisha mtoto akauliza jambo, na ndani yake Bibi akadaka maneno mawili aliyoyajua: baba, rudi.

"Torna," alijibu upesi. Anarudi.

Mtoto akauliza lini. Neno hilo nalo nyimbo zilikuwa nalo. Bibi akapekua kichwa chote. Alikuwa na "daima", "kamwe" na "kesho". "Baadaye kidogo" hakuna aliyeiimba. Akachagua lililoonekana kuwa na madhara machache.

"Domani."

Kesho. Mtoto akaangua kilio. Akilini Bibi akayaona mabegi yakibebwa kwenda hotelini. Akaketi papo hapo kizingitini, na Kiswahili kikamtoka chenyewe.

"Mjukuu wangu, nami namngoja huyo huyo. Tangu alipoondoka namngoja. Hata kwa lugha yangu sijui kulisema hilo vizuri."

Mtoto hakuelewa. Alimtazama bibi huyu aliyelikodolea macho lango lile lile. Akajifuta kamasi kwa mkono wa gauni, akajisogeza hadi magoti yao yakagusana.

Hivyo ndivyo mwanawe alivyowakuta.