Vigingi vya Mama Havikulegea

Harufu ya mwani ulioanikwa juu ya makuti haifanani na nyingine: ni chumvi, uozo kidogo, na tope jeusi lililopigwa na jua. Katika majira ya kaskazi ya mwaka 2004, nikiwa binti wa darasa la tano kisiwani Jibondo, baba alikuwa ameacha juya, wavu wake wa kukokota, kwa amri ya hifadhi ya bahari, na kiwanja cha mwani cha mama, ukingoni mwa mkondo, ndicho kilichotulisha. Kila kigingi alikishindilia mwenyewe kwa jiwe.

Siku ya pili ya Krismasi, mchana, mimi na mama tulikuwa kiwanjani na wakulima wenzetu; maji ya bamvua, yapwayo mbali kuliko kawaida, yalikuwa yamekupwa. Ghafla maji yakajaa kabla ya saa yake, yakatufika viunoni, kisha yakavutwa kama mkeka chini ya miguu yetu. Wenzetu wakakimbilia samaki waliobaki wakirukaruka. Mama alinikamata mkono. "Toka! Maji hayapwi mara mbili mchana mmoja!" Tulikuwa hatujakanyaga mchanga mkavu yaliporudi. Wenzetu walitoka wakikohoa chumvi. Kiwanja chetu kikabaki kitupu.

Kesho yake katibu wa kikundi cha mwani aliandika daftarini: "Bamvua. Vigingi vililegea."

"Shikamoo, Bi Mwanaidi. Bamvua nalo limepandwa na jini?" akamkejeli mama, aliyekwisha kumweleza tulichokiona.

"Marahaba. Andika nilichokwambia: maji yamekupwa mara mbili."

Watu wakacheka. Kiwanja akapewa mwingine, kwa madai kwamba mama ni mzembe. Wahenga walisema mnyonge hana haki. Hawakusema aandikiwe kosa pia.

Mimi niliyetumikia masjala hadi maradhi ya macho yaliponistaafisha mapema, nalisahihisha daftari lile. Ng'ambo ya bahari, Sumatra, bamba la ardhi huzama chini ya jingine, likiburuta matope ya sakafu ya bahari. Tabaka juu ya tabaka, uzito na joto huyakamua maji kama chicha ya nazi ndani ya kifumbu cha kuchujia, hadi matope yashikamane na kuwa magumu kama mwamba. Wataalamu wanaeleza kuwa ugumu huo huenda ndio ulioruhusu mpasuko wa tetemeko la siku ile usiishie kilindini, bali upande karibu na sakafu na kuisukuma bahari yote. Nguvu hiyo ndiyo iliyong'oa vigingi.

Leo habari za tetemeko la mbali hutufikia kwenye simu kabla ya wimbi, na watoto wa Jibondo hulitamka neno tsunami bila kigugumizi. Juzi, kwa kioo cha kukuzia, nilimsomea mama maelezo haya hadi nukta ya mwisho. Alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza:

"Na kiwanja, wamekirudisha?"