Behewa la Mkonge

Kahaso alikuwa amekataa mara mbili kwenda kwenye kituo cha zamani. Mara ya tatu Whitney, mfanyakazi wa hoteli moja ya Kikambala anayekusanya habari za kale, alikuja na gari hadi uani kwake Tezo, na mkaza mwanawe, Nyevu, akamsihi aende. Akaenda.

Kituo kilikuwa cha shamba la mkonge. Zamani vibarua, Kahaso akiwa mmoja wao, walipakia matita ya majani hapo, kiberenge kikayavuta hadi kiwandani. Reli iling'olewa ikauzwa chuma chakavu. Imebaki sakafu ya saruji na ukuta mmoja uliofunikwa na magugu. Whitney alisema pamependeza.

Mzee Ngowa, aliyekuwa nyapara wao, alikuwa ameketi pale sakafuni. Whitney alikuwa amemwalika bila kumwambia Kahaso. Ngowa akainuka na mkongojo wake, akitabasamu, akingoja shikamoo, maana amempita Kahaso kwa miaka zaidi ya kumi. Shikamoo haikuja.

"Kahaso, hunikumbuki?"

"Nakukumbuka. Nilisimama hapa uchungu umenishika, nikakuomba nipande nifike zahanati. Ukasema behewa ni la mkonge."

Ngowa alisema amri zilikuwa za wenye shamba, yeye alikuwa mtu wa kutumwa tu.

"Mwenye shamba hakuwapo siku hiyo. Ulikuwapo wewe."

Kahaso akampa mgongo, akamweleza Whitney kwamba alijifungulia nyuma ya ukuta ule. Mtoto wa kiume. Alilia kidogo, akanyamaza moja kwa moja. Wiki haijaisha Kahaso alikuwa amerudi kupakia, maziwa yakilowesha leso, na Ngowa akamfokea kwa kuchelewa.

Ngowa akasema kwa sauti ya chini kwamba hata yeye amezika watoto.

"Kawaambie hayo hao wenye shamba waliokutuma," Kahaso alisema.

Whitney aliomba angalau picha moja ya wawili hao. Kahaso alimwambia akijaribu ataivunja hiyo simu. Gari pia alilikataa. Alitembea juani hadi nyumbani, magoti yakimuuma.

Mwezi uliofuata Nyevu alisikia kwamba picha ya Ngowa imetundikwa hotelini, na chini yake imeandikwa kuwa alikitunza kituo na watu wake. Alipomwambia mama mkwe wake, Kahaso alitema mate chini, akaendelea kupukuchua mahindi.