Bei ya Kitabu Kisichoshikika

Mwaka niliomaliza chuo nilirudi Karatu, nikaandika kijitabu kuhusu ndege wa msitu wa Ngorongoro. Niliwaandikia vijana wa mjini kwetu waliokuwa wakisomea kuongoza watalii, maana vitabu vilivyokuwepo vilikuwa vya Kiingereza na bei zake ziliwashinda. Mchapishaji mmoja wa Arusha alikubali kukichapa, kisha akaniandikia barua pepe: kitatoka pia kama kitabu cha kwenye kompyuta, nipendekeze bei.

Niliukodolea macho ule ujumbe pale kwenye duka la intaneti. Kitu kisicho na karatasi, wino wala lori la kukibeba, kinauzwaje? Nikafanya kama tunavyofanya mnadani, kwenye gulio letu: nikataja bei ya juu, karibu sawa na ya kile cha karatasi, ili yeye aishushe, mimi nilalamike, tukutane katikati.

Akajibu: "Sawa."

Nyumbani nilimkuta mama, muuza vitunguu wa siku nyingi, anachambua maharage. Nikamsimulia.

"Hajashusha hata kidogo?"

"Hata kidogo, mama."

"Basi umeuza bei ya kutupa, msomi wangu. Mnunuzi hakubali bei ya kwanza." Akaacha kuchambua. "Hebu, hicho kitabu mtu anakishika wapi?"

"Hakishikiki. Kiko ndani ya kompyuta."

"Hakishikiki, na bado unataka hela? Basi umemwibia."

Sikujua kama nimeibiwa au nimeiba. Halafu kijana wa jirani, mmoja wa wale wanafunzi, akanisimamisha njiani. "Kaka, kitabu chetu kitakuwa bei gani?" Nikajifanya nina haraka. Kwa bei ile asingekinunua.

Nikamwandikia mchapishaji kuomba tupunguze. Alieleza kwamba mhariri na mchoraji wanalipwa hata kama hakuna karatasi, na kwamba cha kompyuta kikiwa rahisi mno, wenye maduka watakataa kuuza kile cha karatasi. Nilipokuwa nasoma nilielewa. Nilipomaliza sikuelewa tena. Yaani bei inatokana na kitabu, au na hofu ya mwenye duka? Mwisho aliandika kwamba uamuzi ni wangu.

Nikataja nusu ya ile bei, nikakaa nikiandaa hoja za kujitetea atakapokataa.

Akajibu: "Sawa."

"Amesemaje?" mama aliuliza.

"Amekubali. Vijana watakimudu."

"Amekubali tena?" Alitikisa kichwa. "Mtu huyo mimi nisingemuuzia hata kitunguu."